Ukizima Juu ya Baiskeli Usilaumu Miguu, Tokeni Ndio Zimeisha

Cheki hii. Ni Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, na ile baridi ya Nairobi inakuuma masikio. Mbogi imekutana Olympic. Wasee wa Makina wamefika, wawili wametoka Kawangware 46 na baiskeli za mtumba walizojiundia wenyewe, na leo mnataka kupitia Karen hadi Kiserian, mpite Kona Baridi, mteremke hadi Olorgesailie, halafu mrudi. Wewe umekunywa kikombe kimoja cha chai ya rangi juu uliamka ukiwa umechelewa na mathe wa mandazi alikuwa bado hajawasha jiko. Hakuna noma, uko fiti. Hadi Kiserian wewe ndio unaongoza. Pale Kona Baridi barabara inaanguka kuelekea Bonde la Ufa na unashuka kama mtu hana breki, unaimba.

Kurudi ndio story inabadilika. Jua limewaka, na ile barabara iliyokubeba bure asubuhi sasa inakudai, zaidi ya mita 800 za kupanda. Halafu kuna kitu kinazima. Hakizimi polepole, kinazima ghafla. Miguu inakuwa ya mtu mwingine. Mikono inatetemeka, jasho ni baridi na jua ni kali, macho yanaona kama unachungulia kwa mrija. Beshte yako anakuuliza kama uko sawa na unaskia kumtandika ngumi, na hajakukosea kitu. Mzee fulani kwa Black Mamba, amebeba kreti za soda nyuma, anakupita akikusalimia.

Kama hujawahi, shukuru. Kama ushawahi, unajua ile aibu. Mkirudi mtaani unaambiwa hauna mazoezi, unaambiwa upunguze sherehe, na lazima kuna mmoja atasema kuna mtu amekuangalia vibaya. Na wewe mwenyewe unaanza kuamini baiskeli si kitu yako. Lakini manze, hata ungekuwa na mazoezi ya Eliud Kipchoge, na hicho kikombe kimoja cha chai ya rangi ungezima tu. Mwili haukukosa nguvu. Ulikosa tokeni.

Fikiria ploti yoyote ya Gatwekera ama ya Congo kule Kawangware. Kuna keja zenye mita zake za stima, kila mtu anajinunulia tokeni. Halafu kuna mita ya landlord, ile inawasha taa za korido, choo na geti, kila mtu anafaidika. Mwili umejengwa hivyo hivyo. Ukila ugali, chapo, mchele, ndizi ama sukari, mwili unavunja hiyo wanga inakuwa glukosi, na ile haina kazi saa hiyo unaiweka akiba, inaitwa glaikojeni. Misuli huweka kama gramu 400, ini linaweka kama gramu 100. Misuli ndio keja zenye mita zake: tokeni za paja zinatumika na paja, hazikopeshwi jirani. Ini ndio mita ya landlord. Linaachilia glukosi kwa damu ili kila mtu apate, na mteja wake mkubwa ni ubongo.

Gramu moja ya wanga ina kalori 4, kwa hivyo akiba yako yote ni kama kalori 2,000. Ukikanyaga kwa nguvu unachoma kalori 500 hadi 700 kwa saa moja. Sio zote zinatoka kwa wanga, mafuta ya mwili pia yanachangia, lakini ukiongeza spidi ama ukianza kupanda mlima, mwili unaegemea wanga zaidi na zaidi. Ndio maana wasee wengi huzima wakiwa wamekanyaga kitu kama dakika 90 hadi masaa matatu, na karibu kila mara ni kwa mlima.

Sasa utauliza, na mafuta je? Hata msee mwembamba wa kilo 65 amebeba mafuta ya zaidi ya kalori 40,000. Ni ukweli. Lakini mafuta ni jiko la makaa. Moto upo wa kupikia ukoo mzima, ila huwezi ukaliwasha na upate chai kwa dakika mbili. Kuyachoma kunataka oksijeni mingi, na yanatoa nguvu polepole. Yanakutosha ukitembea, ama ukiendesha mdogo mdogo mkipiga story. Kukupandisha Kona Baridi, hapana.

Halafu kuna hii wengi hawaijui. Usiku ukilala misuli inapumzika lakini ubongo haulali, na usiku kucha unakula kwa mita ya landlord. Asubuhi unaamka ini limebaki na kidogo sana, hata kama jana ulimanga ugali wa maana. Hapo ndio chai ya rangi pekee inakuwa mtego. Paja liko na tokeni, ini halina, na ubongo ndio unaona giza kwanza. Kizunguzungu, hasira na kutetemeka vinakuja hata kabla miguu haijaisha.

Na usidhani haya ni mambo ya sisi wa ghetto pekee. Chris Froome alizaliwa hapa Nairobi mwaka wa 1985, na akiwa kijana mdogo akafunzwa baiskeli na David Kinjah, yule msee wa rasta wa Safari Simbaz, huko Mai-a-Ihii, Kikuyu. Ukitoka Kawangware ni hapo mbele tu. Tarehe 18 Julai 2013 Froome alikuwa amevaa jezi ya njano ya Tour de France, anaongoza dunia nzima, siku ambayo mbio zilipanda mlima wa Alpe d'Huez mara mbili. Zikibaki kilomita kama tano, akazima. Akainua mkono kuita gari la timu. Mwenzake Richie Porte akarudi nyuma kuchukua jeli ya sukari akamletea, na muda wa kuchukua chakula kwa gari ulikuwa umeshapita. Wote wawili wakapigwa faini ya sekunde 20. Froome alizikubali hizo sekunde, juu bila ile sukari angepoteza mingi kuliko hiyo. Siku tatu baadaye akashinda Tour yake ya kwanza, Paris.

Huyo alikuwa na daktari, mpishi, gari na mabilionea nyuma yake, na bado tokeni ziliisha. Tofauti yake na wewe ni kwamba alijua ni nini inamfanyikia, na alijua dawa ni sukari, saa hiyo hiyo. Sisi huambiana "jikaze".

Kujikaza ndio kunaumiza watu. Ubongo ukikosa glukosi, kitu ya kwanza kwenda ni akili ya kukadiria: hiyo lori iko mbali kiasi gani, hiyo nduthi inakata wapi, breki nishike saa ngapi. Mimi nilizima nikitoka Kikuyu, miaka kadhaa imepita, nikiwa nimefika Dagoretti Corner. Nakumbuka niliona matatu. Niliiona poa kabisa, rangi, grafiti na kila kitu, na bado nikaingia mbele yake. Macho yalikuwa yanaona lakini kichwa hakishiki. Makanga alinitusi matusi ya kunitosha mwaka mzima na nilistahili. Siku hiyo nilikuwa nimekula nini? Kangumu moja saa moja asubuhi. Na hiyo ilikuwa saa nane mchana.

Sasa weka hapo vijana wanaofanya hii kama kazi. Wa kupeleka mkate na maji, wa apu za chakula wanaobeba biriani ya mtu mwingine mgongoni na wao tumbo iko wazi. Hao hawaendi kwa mbio ya masaa matatu, wanakanyaga siku nzima, Kawangware hadi Lavington, Kilimani, Hurlingham, kurudi, tena. Wengi hawakosi doh ya chakula kabisa. Wanaiahirisha. Unasema utakula ukipata oda mbili zaidi, halafu oda zinakuja zikifuatana, na saa tisa ikifika njaa imepotea yenyewe. Hiyo njaa kupotea isikudanganye. Na kama unatafuna miraa ama muguka, hapo ndio kabisa: hiyo kitu inaua hamu ya kula. Utahisi uko macho na uko na nguvu, na mita inasoma sifuri. Alamu imezimwa, moto bado unawaka.

Basi tuongee dishi. Na ya kwanza ni ya jana usiku, sio ya leo.

Mwaka wa 2004 mtafiti Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti ambapo walipima kila kitu wakimbiaji kumi wakali wa Kenya walikula kwa wiki moja. Zaidi ya robo tatu ya kalori zao zilitoka kwa wanga. Ugali peke yake ulileta karibu robo. Lakini hii ndio hupenda kuwaambia watu: sukari ya kawaida, ile ya kutia kwa chai, ilileta moja kwa tano. Hakuna unga wa ajabu kutoka ng'ambo. Ni sima na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Yaani dishi ya champion wa dunia na dishi ya mathe yako ziko karibu kuliko vile Instagram inakuambia.

Kwa hivyo usiku wa kuamkia safari, kula ugali, mchele ama chapo, na uongeze kidogo kuliko kawaida. Madondo na githeri ni chakula kizuri sana, mimi nayapenda, lakini usiku huo yawe kiasi. Wewe na mbogi yako mtajua kwa nini mkiwa mmefuatana kwa laini moja kilomita 30.

Asubuhi kazi ni moja, kujaza ile mita ya landlord. Ukipata masaa mawili kabla ya kutoka, vizuri: uji wenye sukari, chai ya maziwa na chapo mbili, ama ngwaci na nduma za kuchemsha. Ukiwa umechelewa na unatoka saa hii, ndizi mbili na chai yenye sukari zinatosha kuanza, halafu unaendelea kula njiani. Kuna kosa moja wasee hufanya: kumimina soda nzima tumbo ikiwa tupu, halafu kukaa stage dakika 40 mkingojea yule wa kuchelewa. Kwa watu wengine mwili unastuka na hiyo sukari, unatoa insulini ya kuishusha, na unaanza safari sukari ya damu ikiwa inashuka. Soda ni ya njiani. Misuli ikiwa inafanya kazi inaivuta moja kwa moja, hizo drama hazitokei.

Njiani ndio watu hukosea zaidi, na sheria ni rahisi hadi watu huipuuza: kula kabla ya kuskia njaa. Ukishaskia ubao umechelewa, juu chakula kinahitaji muda kufika kwa damu. Safari ya chini ya saa moja haitaki kitu, maji tu. Ikipita hapo, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ikipita masaa mawili na nusu na mnaenda kwa nguvu, unaweza kusukuma hadi 90, lakini hapo lazima uwe umezoesha tumbo, kama vile ulizoesha miguu. Usijaribu hiyo kwa mara ya kwanza siku ya safari kubwa. Utatafuta choo Olepolos na hautasahau.

Hiyo 60 haikutolewa hewani. Utumbo una mlango wa kupitisha glukosi na huo mlango unapitisha kama gramu moja kwa dakika, basi, wengine wapange laini. Lakini kuna mlango wa pili, wa fruktosi, ile sukari ya matunda. Ukichanganya zote mbili milango yote inafanya kazi na unapata zaidi. Na sukari ya kawaida ya duka, nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi. Hizo jeli za bei, zile za kufinya, maajabu yake makubwa ni huo mchanganyiko, na wewe unao kwa kadogo kwa duka la kona.

Jeli moja huwa na gramu 20 hadi 25 hivi. Ndizi moja ya saizi ya kati inakupa karibu 25. Mandazi ya kawaida, hapo hapo, na KDF inazidi juu ni nzito. Chapo moja ni karibu 40. Tende tano ndogo zinakaribia 30. Soda ya chupa ya mililita 300 inapita 30. Ngwaci moja ya kuchemsha, karibu 30, na ukiinyunyizia chumvi na kuifunga kwa karatasi inakaa poa mfukoni. Lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja, ningechagua sukari nguru. Kipande kama kiberiti ni karibu gramu 30, hakiozi, hakimwagiki, na hakuna mtu ataiba. Unakimumunya polepole ukipanda mlima. Wazee walikuwa na jeli kabla jeli haijavumbuliwa, na tukaiachia watu wa kutengeneza chang'aa.

Usimalize hizo gramu kwa mkupuo. Kuuma kidogo kila dakika 20 ni bora kuliko kusimama mara moja na kushindilia chapo tatu. Damu iko kwa miguu saa hiyo, tumbo limeachwa na kidogo tu, na ukilijaza litagoma. Hata Kipchoge kwa marathoni hunywa kidogo kidogo. Berlin 2018, siku aliweka rekodi ya 2:01:39, kuna Mjerumani alikuwa anakimbizana na baiskeli kutoka meza moja hadi nyingine ili amkabidhi chupa yake mkononi, kila kilomita tano. Sasa kama mtu wa masaa mawili anakula njiani, wewe wa masaa sita unangoja nini?

Kuna vitu tamu za mtaa ambazo si za njiani. Smokie pasua, mutura, chips, bhajia, samosa: mafuta ni mengi, na mafuta hukaa kwa tumbo muda mrefu kabla ya kutoka. Njugu pia, watu husema zina nguvu, na zinayo, lakini karibu nusu yake ni mafuta, ni jiko la makaa lingine. Weka hizo za jioni. Yai pasua halikuui, ila halikusaidii kupanda mlima. Na zile energy drink za mkebe na za chupa za plastiki, angalia vizuri: sukari iko, sawa, lakini kafeini ndio unalipia. Kafeini kidogo inasaidia, hata chai iko nayo. Mbili ama tatu kwa tumbo tupu zitakupa moyo wa kudunda na mikono ya kutetemeka, na hutajua kama umezima ama umelewa kafeini.

Sasa kinywaji. Chukua chupa ya nusu lita, maji yaliyochemshwa ama ya kutiwa dawa, vijiko sita vya chai vya sukari, chumvi ya kubana na vidole viwili, na ndimu ukiipata. Tikisa. Hapo una kama gramu 25 hadi 30 za wanga, na chumvi ya kurudisha ile jasho limebeba. Ionje: ikiwa na chumvi kuliko machozi, umezidisha, ongeza maji. Mmoja wenu abebe sukari na chumvi kwa karatasi, mkifika mahali pa maji mnachanganya tena. Kunywa ukiskia kiu, mafunda machache kila mara, na kwa joto la kule chini kuelekea Magadi utanywa zaidi sana kuliko Ngong Road. Lakini usijilazimishe lita na lita za maji matupu. Maji mengi bila chumvi yanaweza kuyeyusha chumvi ya damu hadi mtu augue vibaya, na dalili zake, kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, watu hudhani ni kiu na wanamwongezea maji.

Budget ya haya yote? Bei za mtaa hubadilika, lakini ndizi tatu, mandazi mbili, sukari nguru ya mbao na sukari ya kadogo kwa chupa, soo inakaribia kutosha kwa safari ya masaa manne. Msee wa deliveri anaweza kununua hizo asubuhi kabla oda hazijaanza na kuziweka kwa begi, juu shida yake kubwa ni muda, na ndizi inaliwa ukingojea geti la apartment lifunguliwe. Kula hapo. Hiyo dakika mbili umesimama ukicheza na simu ndio lanchi yako.

Kwa wasee na masiste wa Makina na kwingine wanaofunga Ramadhani, hesabu ni tofauti kidogo. Daku iwe ya vitu vya kukaa, uji mzito, viazi, chapo, na maji ya kutosha. Safari ndefu za kujifurahisha zisogeze baada ya futari, ama ufanye fupi na nyepesi karibu na magharibi ili tende zikukute mlangoni. Mwenye kazi ya baiskeli mchana, hakuna ujanja mwingine zaidi ya kushusha spidi: ukienda polepole mwili unatumia makaa zaidi na tokeni kidogo. Na kama una kisukari, usifuate hesabu zangu, ongea na daktari ama kliniki yako kwanza, hasa kama unadunga insulini. Kwako kuzima kunaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Na kama umeshazima? Simama. Usisubiri kufika mahali pazuri, toka barabarani, lala baiskeli chini, kaa kivulini. Sasa ndio wakati wa sukari ya haraka: soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari, ama maji ya sukari, ama sukari yenyewe kwa mkono. Gramu 30 hivi. Halafu ngoja dakika 15. Hapa ndio wengi hukosea, wanaskia afadhali kwa dakika tano kwa sababu ulimi umeonja utamu na kichwa kimeamka kidogo, wanaruka kwa baiskeli, wanazima tena mbele. Ngoja. Halafu kula kitu cha kushikilia, ndizi ama mandazi, na uende kwa gia nyepesi, polepole. Hiyo siku kasi imeisha, kubali. Panda na wenzako wakikuzunguka, usiachwe nyuma peke yako. Ukiwa bado unaona mawili mawili, weka baiskeli juu ya matatu. Makanga atataka pesa ya mzigo, mlipe.

Ikiwa ni mwenzako, na anaongea vitu havieleweki lakini anaweza kumeza, mpatie sukari hata akikataa. Hasira na ukaidi ni dalili, sio tabia yake. Lakini akiwa amepoteza fahamu usimmiminie soda mdomoni, itaingia kwa mapafu. Mlaze ubavu na mtafute gari la hospitali.

Mkifika mtaani, kazi haijaisha. Tokeni za misuli hujazwa polepole, na ukizimaliza kabisa inaweza kuchukua siku nzima ya kula vizuri ndio zijae tena. Masaa mawili ya kwanza ndio misuli inavuta kwa haraka zaidi, kwa hivyo usioge ulale. Kula kwanza: ugali na mayai, mchele madondo, chapo na ndengu, maziwa mala na ndizi kama hauna moto wa kupika. Hapa madondo yamekubaliwa, yana wanga na protini ya kurekebisha misuli. Na kama kesho yake ni Jumatatu na unaamka saa kumi na moja kukanyaga tena kazini, kula mara ya pili kabla ya kulala, hata kama ni uji tu, juu ule mlima wa jana bado uko kwa paja lako.